Pa Kulala Kwanza: Mwongozo kwa Wanaohamia Ujerumani

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira mjini Berlin, Septemba 2024, vijana wetu wengi wamo mbioni: Kijerumani, viza, nauli. Suala la nyumba huachwa mwisho. Tunakusihi ulianze mapema, sambamba na viza. Katika miji kama Munich, Berlin, Hamburg na Frankfurt, chumba kimoja kikitangazwa hugombewa na watu wengi, na mgeni ndiye mwenye karatasi chache kuliko wote.

Mwenye nyumba wa huko hadai pango la miezi sita au mwaka mzima kama ilivyozoeleka Dar es Salaam. Pango hulipwa kila mwanzo wa mwezi. Anachotaka ni uhakika kwamba utalipa. Ataomba hati za mshahara za miezi ya karibuni na ripoti ya Schufa, kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu. Wewe huna hata kimoja. Andaa mkataba wa kazi, au barua ya chuo pamoja na uthibitisho wa fedha za kujikimu, na ukiwa na ndugu mwenye kipato huko, barua ya udhamini. Nenda nazo siku ya kuangalia nyumba.

Linalowakwamisha wengi zaidi ni Anmeldung, yaani kujiandikisha kuwa mkazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Namba yako ya mlipakodi hutumwa kwa posta kwenye anwani uliyoandikisha, na mwajiri ataihitaji. Ofisi nayo haikuandikishi bila fomu iliyosainiwa na aliyekupa makazi, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Kwa hiyo, kabla ya kulipia chumba hata cha miezi miwili, uliza: nitaweza kujiandikisha hapa? Jibu likiwa hapana, endelea kutafuta. Wapo wanaouza fomu hiyo kwa anwani usiyoishi. Ni kosa, na faini yaweza kufika euro 50,000.

Ukishahamia, bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyo hiyo. Majengo mengi hayana namba za milango. Mtu wa posta hutafuta jina, na asipoliona, barua inarudi ilikotoka.

Amana kisheria haizidi pango la miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na kupasha nyumba joto, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Tangu 2015, dalali aliyeitwa na mwenye nyumba hulipwa na mwenye nyumba. Akikudai ada ya kukuonyesha nyumba tu, achana naye.

Kwa maoni yetu, makazi ya kwanza yasiwe nyumba nzima. Nyumba nyingi hupangishwa bila jiko wala sinki, ukuta mtupu na bomba linalochungulia. Heri chumba katika nyumba ya kushiriki, WG kama wanavyoiita, au hosteli ya wanafunzi chini ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ambako foleni ni ndefu na inafaa uombe mara tu unapopata nafasi ya chuo. Ukiwa muuguzi, muulize mwajiri kuhusu nyumba za wafanyakazi kabla hujasaini mkataba.

Matapeli nao wanakujua. Picha ni nzuri, bei iko chini ya soko, na mwenye nyumba anadai yuko nchi nyingine: tuma amana na nakala ya pasipoti, ufunguo utakuja kwa posta. Usitume. Kama huwezi kufika, mwombe Mtanzania, Mkenya au mwanachuo mwenzako aliye mji huo akakague na kukutana na mwenyewe ana kwa ana.

Na kama umeshatuma, usikae kimya kwa aibu. Piga simu benki leo, hifadhi ujumbe wote mliotumiana, kisha toa taarifa polisi.