KAZI YA MUNGANGA WA NYAMA: ITATULISHA?

Ndugu wanafunzi, mmoja wetu akisema anataka kuwa munganga wa nyama, wenzake wanacheka: "Utapiga mbuzi sindano, halafu utakula nini?" Lakini swali lile si la kucheka. Wazazi wetu wengi wanauza mbuzi ao nguruwe juu ya kulipa minervali. Nyama akikufa, mtoto anarudi nyumbani. Basi tupime jambo hili pamoja.

1. Masomo. Anayemaliza seksioni ya mifugo kwenye sekondari anaweza kuanza kazi ya kusaidia. Anayetaka kuwa daktari ataendelea kwenye univerisite, kwa mfano Lubumbashi ao Butembo, miaka karibu sita. Ni muda mrefu, na feza ni nyingi.

2. Kazi iko wapi? Serikali inahitaji watu wa kupima nyama ya machinjio na kuangalia mifugo mipakani, lakini nafasi ni chache. Wengine wanatunza sokwe wakubwa wa Virunga na Kahuzi-Biega. Hao pia ni wachache sana. Wengi watajitafutia kazi wenyewe, na duka ndogo la dawa na safari za vijijini.

3. Shida na dawa yake. Mufugaji anaita munganga wakati nyama amekwisha kuanguka. Akikufa, nani atapenda kulipa? Tena homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa hata moja. Munganga anayengojea kuitwa atalala njaa. Lakini yule anayetangulia ugonjwa anaweza kuishi. Sindano moja ya kuzuia tauni ya mbuzi na kondoo inawalinda miaka mitatu ao zaidi. Kila mwenye mbuzi atatoa kidogo, na kidogo cha kijiji kizima ni mushahara.

Tusiseme haiwezekani. Sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa babu zetu, ilitangazwa mwaka 2011 kwamba imekwisha duniani pote. Iliondoka kwa sababu watu walibeba chanjo mpaka kwa wafugaji wa mbali kabisa.

Maswali ya kuzungumza:
a) Kwenu, mifugo gani ilikufa mwaka huu, na juu ya nini?
b) Wazazi wako wangelipa sindano kabla ya ugonjwa? Kama hapana, utawaelezaje?
c) Uko tayari kwenda kule barabara inaishia?