Msimbo Upo, Utafute Kwanza

Uko Pemba au Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na timu yenu inatengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa au watu waliokimbia vita. Kila fomu inauliza simu, wilaya na kijiji. Msimbo wa kukagua majibu hayo huenda mmeshauandika, tena kila mtu kivyake.

Ukusanye. Fungueni hazina moja ya Git. Kipande kikihitajika na mradi wa pili, kihamishie huko siku hiyohiyo. Kilichotumika mara moja kiache kilipo.

Anza na kinachowasumbua zaidi. Hapa pwani ni majina ya mahali. Mwenyeji anaandika Kionga, karatasi ya serikali inasema Quionga. Kisanga na Quissanga ni palepale. Mocímboa da Praia huja na alama yake juu ya i, au bila. Tengeneza fankisheni moja inayopokea tahajia zote na kurudisha jina rasmi, pamoja na orodha ya wilaya 17 za mkoa wa Cabo Delgado. Tahajia mpya ikijitokeza, unarekebisha faili moja tu. Simu za mkononi zifuate: tarakimu 9, zikiwa na 258 mbele au bila.

Juu ya kila fankisheni andika mistari michache: inafanya nini, inapokea nini, inarudisha nini, na nini haiwezi. Hilo la mwisho wengi huliruka. Kama haitambui vitongoji, sema. Kisha weka mfano unaoendeshwa, maana mwenye haraka hunakili mfano kabla hajasoma chochote. Usitumie jina wala namba ya mgonjwa wa kweli.

Sasa ongeza mstari wa maneno ya kutafutia. Aliyesoma Pemba atatafuta "distrito" na "telefone". Aliyesoma Mtwara atatafuta "wilaya" na "simu". Andika yote. Ukikosa muda wa maelezo mengine, huu usiuache.

Kila mmoja awe na nakala nzima kwenye kompyuta yake, na aisasishe kila anapopata mtandao. Kimbunga Kenneth kilipopiga Aprili 2019, mawasiliano yalikatika sehemu nyingi za mkoa huu. Git haihitaji intaneti kutafuta. Andika `git grep -i wilaya`, basi.

Tazama nje pia. KoboToolbox ina maktaba ya maswali: hifadhi humo swali lenu la wilaya, fomu mpya zilichukue. Kwa kumbukumbu za wagonjwa, pitia moduli za OpenMRS kabla hujaanza yako. Msimbo wake uko wazi, na mfumo wenyewe unatumika Msumbiji.

Mwenzenu mpya akifika, mpe kazi ndogo: aitafute fankisheni ya simu bila kumwuliza mtu. Asipoipata, mwulize alitafuta kwa maneno gani, uyaongeze kwenye ule mstari.