Bibi Aliyelea Mjukuu Ana Haki Gani Baba Akitokea?

Binti anajifungua, anakwenda mjini kutafuta maisha, mtoto anabaki kijijini kwa bibi. Bibi ndiye anayempeleka kliniki, ndiye anayemwandikisha darasa la kwanza. Kisha baba anatokea na kusema amekuja kuchukua damu yake. Majirani wanagawanyika: hawa wanasema mtoto ni wa baba, wale wanauliza kama mahari ililipwa.

Mahakama ina swali lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inatanguliza maslahi bora ya mtoto. Kifungu cha 37 kinamruhusu mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto kuomba amri ya mahakama ya kukaa naye. Bibi na babu ni ndugu, kwa hiyo hawahitaji kusubiri binti yao arudi ndipo wafungue maombi.

Hata hivyo, bibi asidanganywe kwamba kulea peke yake kunatosha. Kifungu cha 39 kinaitaka mahakama itambue kwamba ni vyema mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa haki zake ziwe zinavunjwa mara kwa mara mikononi mwao. Kinataja pia umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake. Kinachoweza kumbeba bibi ni mambo mengine ya kifungu hicho: umri wa mtoto, maoni yake mwenyewe akiyatoa bila kushinikizwa, ndugu wa tumbo moja kutotenganishwa, na malezi yasikatizwe ovyo. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote kwa bibi, lakini lazima lithibitishwe. Tunza kadi ya kliniki, risiti za sare na michango ya shule, na ujumbe wa simu unaoonyesha nani alituma hela na nani alikaa kimya. Mwalimu anaweza kuja kutoa ushahidi. Mahakama ikimwagiza afisa ustawi wa jamii aandike ripoti kuhusu mtoto, mwelezeni hali ilivyo, hata kama nyumba ni ya udongo. Anachotazama ni maisha ya mtoto.

Ile karatasi iliyogongwa muhuri kwa mtendaji wa kijiji, kwamba binti amemwachia mama yake mtoto, isitupwe. Inasaidia kuonyesha makubaliano. Ila si amri ya mahakama, na baba ambaye hakuweka saini atakwambia hivyo hivyo.

Kosa linaloharibu kesi nyingi ni kumnyakua mtoto shuleni au kumficha kwa shangazi. Kifungu cha 40 kinakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu aliye naye kihalali, na katazo hilo halimbagui baba wala bibi.

Vipi kuhusu matumizi? Kuna akina bibi wanaonyamaza wakiogopa kwamba wakidai hela, baba atamchukua mtoto. Hayo ni maombi mawili tofauti. Ndugu wa mtoto anaweza kuomba amri ya matunzo, na baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Baba kutoa matunzo hakumpi tiketi ya kuondoka na mtoto.

Bibi akikosa amri ya kukaa na mjukuu, bado anaweza kuomba nafasi ya kumwona kwa vipindi, kwa kuwa alimlea kabla. Tena amri ya kukaa na mtoto haifungwi milele: hali ikibadilika, mahakama inaweza kuifuta na kumkabidhi mtu mwingine.

Anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Huko hujaribu kwanza kuwasuluhisha, na mkishindwana wataelekeza Mahakama ya Watoto iliyo karibu. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasomaji wa Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto ya mwaka 2011, hivyo namba za vifungu nilivyotaja si zao.