Ruka juu, tua laini: Vidokezo 9 vya kuchagua saspensheni na fundi wa motokrosi ya umeme

Hongera! Umeshaiaga karabureta, klachi umeisahau, na majirani hawajui tena saa unayotoka kwenda mazoezini. Sasa umetua vibaya mara moja, mgongo ukalalamika, na usiku huohuo ukaanza kupekua mtandaoni bei za foki za dhahabu. Funga hiyo simu kwanza. Kuna mambo ya kufanya kabla ya kumlipa mtu yeyote, na mengine yanahitaji futi kamba na rafiki mwenye subira tu.

1. Panda mizani ukiwa umevaa kama unaenda vitani

Uzito wako wa asubuhi kabla ya chai hauisaidii springi hata kidogo. Vaa buti, helmeti, kinga ya kifua na magoti, beba na maji yako ya mgongoni, ndipo ujipime. Kilo nane hadi kumi zinaongezeka kirahisi. Kampuni ya Stark Future ya Hispania, inayotengeneza Stark VARG, humuuliza mnunuzi uzito wake wakati wa kuagiza ili pikipiki ije na springi zinazomfaa. Jambo zuri sana, ila kama umenunua ya mkononi, springi hizo zinamfaa mwenzio! Muulize muuzaji alikuwa na kilo ngapi. Akisema 70 nawe una 95, umeshapata chanzo cha nusu ya matatizo yako, bure.

2. Pima pikipiki inavyozama

Hiki ndicho kipimo mama, na ajabu ni kwamba wengi wanaolipia vifaa vya bei mbaya hawajawahi kukipima. Iweke pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda juu hadi alama moja kwenye madigadi, weka kipande cha selotepu hapo usipotee. Andika. Ishushe chini, isimame yenyewe, pima tena. Kisha panda na mavazi yako yote, simama kwenye vikanyagio, rafiki apime mara ya tatu. Toa kila kimoja kwenye kipimo cha kwanza, upate imezama kiasi gani.

Kwa pikipiki kubwa ya motokrosi, ambayo gurudumu lake husafiri takriban milimita 300, wewe ukiwa juu inatakiwa izame kama milimita 100 hadi 105. Bila wewe, 30 hadi 40. Ukikosa namba ya kwanza, kaza au legeza nati kubwa inayobana springi ya nyuma, upime upya.

Utamu uko hapa. Umekaza mpaka ukapata 105 yako, lakini ukishuka pikipiki haizami karibu kabisa? Springi ni laini mno kwako. Umeibana kupita kiasi ili ikubebe. Na ikiwa inazama sana peke yake hali namba yako wewe iko sawa, springi ni ngumu mno. Watu wengi hudhani ni kinyume chake, na wengine wamenunua springi kwa dhana hiyo.

3. Mota kwanza, shokapu baadaye

Kwenye petroli ungeanza moja kwa moja na skrubu za foki. Kwenye umeme, anza na ramani ya nguvu. Ukiachia akseleta, mota inaweza kugeuka jenereta, ikarudisha umeme kidogo kwenye betri na kulivuta gurudumu la nyuma lipunguze mwendo. Kiwango hicho ukikiweka juu, uzito unakimbilia mbele kila unapoingia kona, na foki inazama kuliko ulivyotarajia. Utailaumu foki bure, maskini.

VARG inakuruhusu kubadilisha nguvu na uvutaji huo kwa simu. Chagua mpangilio unaoupenda kisha usiuguse siku yote ya majaribio. Ukienda kwa fundi, mpe namba hizo pamoja na uzito wako. Akikutazama kama unaongea Kigiriki, ruka mpaka kidokezo cha 6.

4. Usikopi namba za rafiki mwenye 450

Anakupenda, nia yake njema, lakini pikipiki zenu ni ndugu wa mbali. Toleo la VARG lililoboreshwa lina takriban kilo 118. Yamaha YZ450F ya petroli ya 2023 ina kama kilo 109 ikiwa imejazwa kila kitu. Kilo tisa hizo huzioni ukiwa umesimama. Utaziona unapotua kwenye uwanja mgumu. Tena tangi la petroli linapungua uzito kadiri mbio zinavyoendelea. Betri yako, ikiwa imejaa au imebaki asilimia tano, ina uzito uleule. Hili lina faida yake: mpangilio ulioupata mzunguko wa kwanza hautabadilishwa na tangi kuisha.

Faida nyingine ni ukimya. Hakuna ekzosti inayokufunika masikio, kwa hiyo saspensheni ikifika mwisho wa safari yake utasikia "ko!" waziwazi. Mara moja au mbili kwa mzunguko, kwenye miruko mikubwa kabisa, si tatizo; inaonyesha unaitumia safari yote uliyolipia. Ikigonga kwenye kila kituta, hapo kuna kazi. Isipogonga hata siku moja, yawezekana ni ngumu mno kwako.

5. Springi, valvu, au seti nzima?

Nenda kwa mpangilio huo, na mkoba wako utakushukuru. Springi sahihi ndiyo bei ndogo na ndiyo badiliko kubwa. Baada ya hapo kuna kazi ya valvu: fundi anafungua foki na shokapu, anapanga upya zile washa nyembamba zinazoamua oili ipite kwa kasi gani, anaweka oili mpya, anafunga. Kwa nje hakuna kilichobadilika, hata picha ya Instagramu huwezi kupiga, lakini ukiipanda utadhani umepewa pikipiki nyingine.

Seti nzima ndiyo ya mwisho. Öhlins wa Sweden wako kwenye kazi hii tangu 1976. KYB na Showa wa Japani wana seti zao za kiwango cha kiwanda. WP wana zao pia. Ni vifaa vitamu kweli, na bei yake inafika maelfu ya dola. Mipako maalum kwenye mabomba ya foki hupunguza msuguano, na hilo dereva wa mashindano analihisi. Wewe wa Jumamosi na Jumapili? Kwa maoni yangu, springi na valvu zitakutosha, na chenji iliyobaki nunua matairi. VARG tayari inakuja na saspensheni ya KYB, si ya kutupwa hata kidogo.

6. Fundi mzuri anauliza maswali mpaka unachoka

Mtumie ujumbe wa WhatsApp wenye sentensi moja tu: "Nataka kurekebisha saspensheni ya pikipiki ya umeme, bei gani?" Subiri. Akijibu bei pekee, mshukuru kwa upole. Akijibu kwa kuuliza una kilo ngapi, unaendesha uwanja wa mchanga au udongo mgumu, unaruka miruko miwili kwa mpigo au bado unaizungukia kwa pembeni, una mwaka wa ngapi kwenye mchezo, huyo mshike.

Nawe una yako ya kuuliza. Amewahi kufungua modeli hiihii? Kama bado, anaijua aina ya foki iliyomo? KYB ni KYB, na fundi aliyezoea za Yamaha hayuko ugenini hapo. Ana mtungi wa naitrojeni wa kujazia shokapu ya nyuma, au anajaza upepo wa kompresa na kuomba Mungu? Atakupa karatasi yenye mpangilio wa washa ulivyokuwa na alivyoubadilisha? Hii idai bila aibu. Siku akihama au mkikosana, karatasi hiyo ndiyo itakayomwokoa fundi wa pili asianze gizani. Kisha lile swali la dhahabu: nikijaribu na isinifae, unarekebisha tena kwa bei gani? Mafundi wenye kujiamini wengi hufungua mara ya pili bure, au kwa bei ya oili tu.

Kuna jambo moja halisemwi sana. Eleza unachohisi, usieleze suluhisho. "Inanirusha nyuma nikitua" inamsaidia zaidi kuliko "punguza ribaundi," maana huenda tatizo liko kwingine kabisa na wewe umeshamfungia njia.

7. Fundi yuko nchi nyingine? Betri ibaki nyumbani

Ukiwa unaendesha Jamhuri Park jijini Nairobi au Garuga karibu na Entebbe, huenda fundi unayemtaka yuko mbali. Usiisafirishe pikipiki nzima. Betri kubwa ya lithiamu ina masharti magumu kwenye ndege, na gharama yake itakuliza. Fungua foki mbili na shokapu, zifunge vizuri, tuma hizo tu. Mweleze msafirishaji kwamba shokapu ina gesi yenye shinikizo, asije akaigundua mwenyewe kwenye mashine ya ukaguzi. Na kabla ya kufungua, piga picha kila kona, hasa jinsi foki zilivyopanda juu ya vishikio vyake. Milimita chache pale hubadilisha usukani.

8. Nunua kinachopatikana kesho pia

Alta Motors wa California walitengeneza Redshift, motokrosi ya umeme iliyosifiwa kila pembe, kisha mwaka 2018 wakafunga milango. Wenye Redshift walihangaika na mengi, lakini saspensheni yao ilikuwa WP, kampuni ambayo vifaa vyake vimejaa kwenye KTM za petroli. Sili, bushi na springi zikaendelea kupatikana. Basi ukichagua foki ya kampuni changa yenye jina tamu, uliza kwanza: sili ikivuja mwezi wa tatu, naipata wapi?

Kwa wenye zile ndogo kama Sur-Ron Light Bee, yenye uzito wa kilo 50 na ushei, habari ni tofauti kidogo. Foki zake ni za ukoo wa baiskeli za milimani, kwa hiyo soko ni kubwa na bei ni nafuu. Pima kwanza kipenyo cha ekseli, urefu wa bomba la usukani na nafasi ya diski ya breki. Foki nzuri isiyoingia ni pambo la sebuleni.

9. Tiki mbili, daftari moja

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, izungushe polepole kuelekea kufunga huku ukihesabu "tik, tik" mpaka ifunge, usiikaze kwa nguvu. Andika namba. Hapo ndipo nyumbani kwako, ukipotea utarudi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, tiki mbili, kisha endesha sehemu ileile ya uwanja kwa kasi ileile. Vifaa vipya vipe saa chache vilainike kabla ya kuvihukumu, na oili ya kwanza ibadilishwe mapema kuliko zinazofuata.

Na ukipanda kutoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa iliyofungiwa ndani ya foki itakuwa inasukuma zaidi. Inua gurudumu la mbele, fungua skrubu ndogo za hewa juu ya foki, usikie "psss", funga. Dakika moja tu, halafu geti liko wazi.