Majina Yasiyo Kwenye Mawe: Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia na Taita Taveta

Makaburi ya vita ya Taveta na Voi yametunzwa vizuri. Mawe yamepangwa kwa safu, na kwenye mengi pameandikwa jina la askari, kikosi chake na siku aliyofariki. Maktau pia kuna makaburi ya askari wa Kihindi. Jamaa wa marehemu hawa, hata wakija baada ya miaka mia moja, wanaweza kusimama mahali hasa alipolala mtu wao.

Lakini watu wengi zaidi waliokufa katika vita hivyo hawakuwa na bunduki. Walikuwa wapagazi, Waafrika waliobeba chakula, risasi, maji na majeruhi. Kaburi la mpagazi lenye jina lake ni nadra sana kuonekana. Somo hili linaeleza walikuwa nani, kwa nini majina yao hayakuandikwa, na familia na shule zinaweza kufanya nini leo.

Vita vilivyofika nyumbani

Agosti 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka na kuuteka mji wa Taveta. Waingereza nao walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea magharibi. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza, wengi wao wakiwa askari wageni kutoka Afrika Kusini, yalishambulia kilima cha Salaita yakashindwa. Mwezi uliofuata yalipigana tena kwenye vilima vya Latema na Reata, na baada ya hapo Wajerumani wakarudi nyuma.

Wananchi wa kawaida pia waliumia. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kushambulia Kasigau, wakazi wa huko walishukiwa kuwasaidia adui. Serikali ya kikoloni iliwahamisha hadi Malindi, na wengi wao walifia huko. Hao hawakuwa askari wala wapagazi, lakini kisa chao ni sehemu ya kumbukumbu ya vita hivi.

Kutoka hapa vita vilielekea kusini, vikapita katika nchi ambayo leo ni Tanzania na kufika hadi Msumbiji. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba 1918 katika mji ambao sasa unaitwa Mbala, Zambia. Huko Ulaya mapigano yalikuwa yamekoma tarehe 11 mwezi huo huo.

Kwa nini wapagazi

Kusini hakukuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo. Kwa hiyo mzigo ulibebwa kichwani. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele ndivyo wapagazi walivyohitajika zaidi, kwa sababu mpagazi naye alikula sehemu ya chakula alichokibeba njiani.

Mwanzoni baadhi ya watu walijiandikisha kwa hiari. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwalazimisha, na mwaka 1917 serikali ilifanya msako mkubwa wa wanaume katika wilaya nyingi. Machifu walitakiwa kutoa idadi waliyopangiwa. Zaidi ya wanaume 150,000 walichukuliwa kutoka Kenya.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vya Afrika Mashariki. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, njaa na uchovu. Watu wa milimani walipelekwa mabondeni kwenye joto na mbu, wakapewa unga ambao mara nyingi haukuiva kwa kukosa kuni, maji safi au muda wa kupika. Aliyeanguka njiani alizikwa kando ya njia, na wenzake wakaendelea na safari.

Kwa Wataita wa zamani jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Mafuvu ya wazee yalihifadhiwa katika mapango ya miamba ili waliotangulia wabaki karibu na ukoo. Aliyefia Rufiji hakuweza kuletwa kwenye pango la kwao.

Kwa nini majina hayakuandikwa

Kikosi cha wapagazi kiliongozwa na Oscar Watkins, na wapagazi walivaa vibati vya namba vya kuwatambulisha. Kwa hiyo majina mengi yaliwahi kuandikwa. Lakini baada ya vita iliamuliwa kwamba Waafrika wakumbukwe kwa pamoja, bila jiwe la kila mtu. Ndiyo maana katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, kuna sanamu tatu za shaba zilizosimama pamoja, mmoja wao akiwa mpagazi. Mombasa na Dar es Salaam pia zina minara ya kumbukumbu. Sanamu hizo zinaheshimika, lakini hazitaji jina la mtu yeyote.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri.

Jina moja la kikosi hicho limebaki midomoni mwetu: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi hununua na kuuza huko bila kujua kwamba jina hilo lilitokana na wapagazi wa vita.

Tufanye nini

Wageni wengi wanaofika Salaita husimuliwa habari za mwanamke aliyejificha ndani ya mbuyu akiwapiga risasi askari. Ni hadithi ya kuvutia, na huenda si kweli. Jina la babu aliyechukuliwa na asirudi ni jambo la kweli, nalo litapotea lisipoandikwa sasa. Familia, walimu na wanafunzi wanaweza kuanza hivi:

1. Ulizeni wazee wenu kama kuna ndugu wa babu au nyanya aliyekwenda kwenye vita vya Wajerumani. Ulizeni pia kuhusu vita vya 1939 hadi 1945 na waliotumikia keya.

2. Andikeni jina lake kamili, jina la baba yake, ukoo, kijiji, alikopelekwa, na kama alirudi. Andikeni pia jina la aliyesimulia na tarehe.

3. Tenganisheni linalojulikana na linalosemekana. Kama wazee wawili wanatofautiana, andikeni maelezo ya wote wawili.

4. Tunzeni medali, vibati vya namba na barua. Msivisugue wala kuviuza. Vipigeni picha na mweke nakala zaidi ya moja: nyumbani, shuleni na kwenye maktaba.

5. Msichimbe katika maeneo ya mapigano. Turathi hizo zinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006, na makombora ya zamani yanaweza kulipuka. Mkikuta kitu cha chuma msichokijua, msikiguse. Mwambieni chifu au polisi.

Tarehe 11 Novemba hukumbukwa waliokufa vitani, na tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa. Siku hizo zinafaa kwa shule kusoma kwa sauti majina yaliyokusanywa kijijini. Hata yakiwa mawili tu, yasomwe.

Maswali ya kujadiliana

• Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi wengi hivyo?
• Kuna tofauti gani kati ya kumkumbuka mtu kwa jina na kumkumbuka ndani ya kundi?
• Katika kijiji chenu, ni nani angejua jina la mtu ambaye hakurudi?