Chatu Jike Haongezeki Upesi: Maswali Matano Kuhusu Nyoka wa Porini

Wengi huamini kwamba nyoka hawawezi kwisha hata wakiuawa kila siku, kwa kuwa wanazaa sana. Wataalamu wanaowafuatilia nyoka walewale mwaka baada ya mwaka wameona mambo mengine kabisa.

Nyoka wa porini wanahesabiwaje?

Kwa shida. Sehemu kubwa ya maisha yake nyoka yumo mafichoni: shimoni, chini ya jiwe, ndani ya kichuguu. Mtafiti anaweza kukatiza kichaka chenye vifutu watatu asimwone hata mmoja. Kwa hiyo hukamata anaowapata, hupima urefu na uzito, huangalia dume au jike, kisha huwatia alama na kuwaachia. Zamani alama ilikuwa kukata kipande cha gamba la tumboni. Siku hizi ni chipu ndogo kama punje ya mchele inayoingizwa chini ya ngozi. Awamu inayofuata, wenye alama wakilinganishwa na wageni, ndipo makisio ya jumla hupatikana. Kazi hii haitaki haraka.

Kuzaa kunamgharimu nini jike?

Jibu zuri limetoka Dinokeng, hifadhi iliyo kaskazini mwa Pretoria, Afrika Kusini. Huko Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwawekea chatu vifaa vya redio, akawafuatilia kwa miaka 7 na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Ni chatu wa aina ambayo ipo pia Tanzania.

Jike hutaga katika shimo la mhanga, kisha huyazungushia mayai mwili wake. Msimu huo ngozi yake hugeuka nyeusi, naye hunyonya joto la jua upesi zaidi. Kila siku hutoka kuota jua mlangoni mwa shimo hadi mwili wake upite nyuzi 40 za Selsiasi, karibu kabisa na kiwango cha kumuua, halafu hurudi ndani kuyapasha mayai joto. Watoto wakianguliwa haondoki. Kwa wiki mbili hivi wao huota jua nje mchana, na usiku hurudi kulala katika mikunjo ya mama yao. Tulizoea kusikia kwamba nyoka hana habari na wanawe, huyu anazo.

Na muda wote huo hali kitu. Mzunguko mzima wa uzazi huzidi miezi 6, na jike hupoteza takriban asilimia 40 ya uzito wake. Ndiyo maana hutaga mara moja tu kila baada ya miaka 2 au 3, kutegemea amepata mawindo kiasi gani. Wengine hawapati nafuu kamwe.

Mbona kifutu anazaa wengi?

Ni kweli. Kifutu hatagi mayai, huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40. Jike mmoja mwenye asili ya Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama nchini Cheki alizaa 156. Lakini walio wengi huliwa na ndege, nguchiro na hata nyoka wenzao kabla ya kukua. Kinachoshikilia idadi ya nyoka ni majike wachache waliopevuka wanaoishi muda mrefu. Marekani, jimbo la New York, mtafiti William S. Brown alikuta nyoka mwenye njuga mkiani huanza kuzaa akiwa na miaka 9 au 10, tena kwa kuruka miaka kadhaa. Jike kama huyo akiuawa, pengo lake halizibiki kwa msimu mmoja.

Je, wanapungua kweli?

Mwaka 2010 mtafiti Christopher Reading na wenzake walikusanya kumbukumbu za makundi 17 ya nyoka kutoka Uingereza, Ufaransa, Italia, Nigeria na Australia. Makundi 11 yalikuwa yamepungua vibaya, mengine yakiwa ndani ya maeneo ya hifadhi. Moja tu ndilo lililoonyesha dalili ya kuongezeka. Chakula nacho kina nafasi yake. Katika msitu wa El Copé, Panama, ugonjwa wa kuvu ulipowafyeka vyura wanaoliwa na nyoka kuanzia mwaka 2004, jamii ya nyoka wa msitu ule ilipoteza aina nyingi.

Mtu akimkuta chatu na mayai afanye nini?

Asogee mbali, awazuie watoto na mbwa kukaribia, kisha atoe taarifa: Tanzania kwa afisa wanyamapori wa wilaya, Kenya kwa shirika la wanyamapori, KWS. Shimo lisifukiwe wala lisichomwe moto. Mayai yakishaanguliwa, baada ya wiki mbili hivi mama na watoto wataondoka wenyewe.