Mfano Mdogo wa Mto Mkubwa

Ninyi mkaao Mbalibali mwaujua mto Mara, upitao kati ya Tarime na Serengeti na kuingia katika ziwa Victoria. Mito iingiayo ziwani ni mingi, lakini utokao ni mmoja tu, nao ni Nile, uanzao Jinja katika Uganda. Hapo kale maji yaliruka juu ya miamba ya Maporomoko ya Ripon. Mwaka 1954 ulifunguliwa ukuta wa Owen Falls, miamba ile ikazama.

Kwa mapatano na Misri, milango ya ukuta ilipasa kutoa maji kadiri ile ile ambayo miamba ingeyaacha yapite. Hesabu yake ilikuwa imepimwa miaka mingi. Lakini tangu 1961 hata 1964 mvua zilizidi, ziwa likapanda zaidi ya mita 2, likapita mwisho wa hesabu ile. Nani sasa angeipima miamba iliyozama?

Basi huko Wallingford, Uingereza, mafundi wakajenga mfano mdogo wa mahali pale, wakapitisha maji, wakayapima, na hesabu ikaendelezwa.

Mtauliza, maji ya karai yawezaje kueleza habari za Nile? Yaweza, kwa kanuni aliyoitumia William Froude, aliyejaribu mifano ya merikebu huko Torquay tangu 1872. Tuseme mfano ni sehemu 1 ya 25 ya kitu chenyewe. Mwendo wa maji hauwi sehemu 1 ya 25, bali 1 ya 5, maana 5 mara 5 ni 25. Upana hupungua mara 25, kina mara 25, mwendo mara 5. Zidisheni: lita 1 ipitayo katika mfano ni lita 3,125 mtoni.

Milango ya kutolea maji hujaribiwa vivyo hivyo. Maji yatokayo kwa nguvu hula ardhi, na yakiufikia msingi, ukuta waweza kuanguka juu ya watu wakaao bondeni. Fundi hutandaza mchanga mbele ya mlango wa mfano, huufungua, kisha hutazama shimo limechimbika wapi. Likiwa karibu na ukuta, hubadili umbo la sakafu, au huongeza vizuizi, akajaribu tena. Kazi hii yataka saburi kuliko nguvu.

Lakini mfano usiwe mdogo mno. Matone ya maji hushikana, kama mwonavyo umande juu ya jani, na katika kijito chembamba kushikana huko huharibu vipimo. Ndiyo sababu mifano mingine hujengwa mipana kuliko darasa lenu.